Fahamu: Tiba ya usemi kwa mtoto aliyehamia Marekani

Nchini Marekani, mtoto ambaye kasoro ya usemi inaathiri masomo yake ana haki ya kupata tiba bila malipo shuleni, chini ya sheria ya shirikisho iitwayo IDEA. Walio chini ya miaka 3 huhudumiwa na mpango wa jimbo wa huduma za mapema. Kuanzia miaka 3, jukumu ni la shule za umma za eneo analoishi, hata kama hajaandikishwa. Mzazi huomba tathmini, na ni heri aombe kwa barua yenye tarehe. Akisharidhia kwa maandishi, tathmini ifanyike ndani ya siku 60, isipokuwa jimbo limejiwekea muda wake.

Penye uzito zaidi ni lugha ya tathmini. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoitumia, inapowezekana, na mzazi apatiwe mkalimani katika kikao na shule. Mtoto kutoka Bukavu au Mombasa akipimwa kwa Kiingereza pekee, ugeni wa lugha huweza kudhaniwa kasoro. Kasoro halisi hujitokeza katika lugha zote mbili. Kama alichelewa kusema hata Kiswahili, mtaalamu aelezwe mapema.

Wapo wazazi wanaoshauriwa kuacha Kiswahili nyumbani. Ushauri huo ni wa kukataliwa: lugha mbili hazisababishi kasoro ya usemi, na mtoto aliyenyimwa ya kwao hukosa mazungumzo na bibi yake huku tatizo likibaki palepale.

Nje ya shule, bima ya afya ya serikali iitwayo Medicaid hugharamia tiba inayohitajika kiafya kwa watoto waliosajiliwa.