Josephine Butler na sheria iliyomkamata mwanamke ikamwacha mwanamume

Kila mwezi wa Machi, wamama wa makanisa yetu wanapotayarisha siku yao, tunasikia tena neno lile lile: usawa wa mwanamke na mwanamume ni mambo ya mashirika, si ya Kanisa. Wanaosema hivyo si watu wabaya, ila wanasahau historia. Leo tunapenda kuwasimulia habari za mke wa mchungaji mmoja huko Uingereza, ambaye alianza kwa kutembelea maskini na akafika kushindana na serikali ya nchi yake kwa miaka 16.

Josephine Grey alizaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mmoja wa watu waliopigania kukomeshwa kwa utumwa, kwa hiyo binti alikua akisikia habari za haki nyumbani kwao. Mwaka 1852 aliolewa na George Butler, mwalimu, ambaye baadaye aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Walizaa watoto wanne. Mwaka 1864 binti yao wa pekee, Eva, mwenye miaka 5, alianguka kutoka juu ya ngazi za nyumba, akafa.

Miaka miwili baada ya msiba huo walihamia Liverpool, mji wa bandari, na George akawa mkuu wa shule. Josephine hakutulia. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alitamani kukutana na watu wenye uchungu kuliko wake. Akaenda Brownlow Hill, nyumba kubwa ambamo maskini wasio na mahali pa kwenda waliwekwa na kupewa kazi. Huko wanawake walikaa sakafuni wakichambua kamba kuukuu za meli, nyuzi kwa nyuzi, ili wapate chakula na kulala. Josephine aliketi kati yao akachambua pamoja nao. Walimcheka, maana mikono yake haikujua kazi. Kisha wakaanza kuzungumza naye, na kuomba naye.

Aliwachukua baadhi yao, hasa waliokuwa wagonjwa, akawalaza katika nyumba yake mwenyewe. Nafasi ilipokwisha, alifungua nyumba ya wagonjwa, na nyingine ambamo wasichana walijifunza kazi ya kuwapatia riziki. Mpaka hapo hakuna aliyeshangaa sana. Mke wa mchungaji kusaidia wahitaji ni jambo la kawaida, hata kwetu.

Lakini aliuliza swali ambalo wengi wetu hatuulizi tukisha kugawa sabuni na unga: kwa nini wanakuja wengi hivi? Jibu aliliona mbele yake. Msichana hakufundishwa, na kazi chache alizoruhusiwa hazikulipa mshahara wa kumlisha. Basi kuanzia mwaka 1867 hadi 1873 aliongoza baraza lililotafuta njia ya wanawake kupata masomo ya juu.

Halafu ikaja vita yake kubwa. Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria tatu, mwaka 1864, 1866 na 1869, kuhusu magonjwa ya zinaa katika miji ya kambi za waaskari na ya bandari. Nia ilikuwa kulinda afya ya jeshi. Polisi wasiovaa sare waliweza kumshtaki mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa kahaba. Alilazimishwa kupimwa mwilini na daktari, akikataa, gereza, akikutwa na ugonjwa, alifungiwa hospitalini kwa miezi. Mwanamume aliyelala naye hakupimwa. Hakuulizwa hata jina.

Mwishoni mwa 1869 Josephine alikubali kuongoza chama cha wanawake cha kupinga sheria hizo. Tangazo lao lilitoka gazetini likiwa na sahihi za wanawake, kati yao Florence Nightingale, yule muuguzi mashuhuri. Fikirini aibu iliyokuwa katika jambo hili: mama wa heshima kusimama mbele ya wanaume akitaja magonjwa ya zinaa! Magazeti yalimtukana. Mwaka 1872, wakati wa uchaguzi mdogo katika mji wa Pontefract, alikutana na wanawake katika chumba cha juu cha ghala la nyasi, na wanaume wakawasha moto wa majani chini yao ili moshi uwafukuze. Wanawake wale hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Na Kanisa je? Mwaka 1871 George alijaribu kusoma hotuba juu ya jambo hilo kwenye kongamano la Kanisa huko Nottingham. Wachungaji wenzake walipiga kelele mpaka akashindwa kuendelea. Alijua kwamba kazi ya mke wake ingemfungia milango ya cheo, lakini hakumzuia. Tunadhani mume huyu naye anastahili kukumbukwa siku ya wamama.

Sheria zile zilisimamishwa mwaka 1883, zikafutwa kabisa mwaka 1886. Katikati, mwaka 1885, Josephine alikuwa kati ya waliosukuma Bunge kupandisha umri wa msichana kulindwa kisheria kutoka miaka 13 hadi 16.

Watu wengine walimsingizia kwamba anatetea ukahaba. Sivyo. Kwake dhambi ilikuwa dhambi, ila ilikuwa ya watu wawili, na hakuona kwa nini mmoja aipate adhabu yote. Tena, baadaye, vyama vya kutetea maadili vilipoanza kutumia polisi kuwasumbua wanawake maskini, alivipinga pia, ingawa baadhi ya wanachama walikuwa rafiki zake.

Hapa ndipo habari yake inatugusa. Katika makanisa yetu ya mashariki, binti akipata mimba nje ya ndoa, wazee wanajua kabla mtoto hajazaliwa. Anawekwa chini ya nidhamu, anaondolewa kwenye kwaya, hashiriki Meza ya Bwana. Kijana, mara nyingi wa kwaya ile ile, anaendelea kupiga gitaa. Tukiuliza, tunaambiwa: yeye hatuna ushahidi wake. Ni kweli, tumbo halikui kwake. Lakini yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu katika Yohana 8 naye aliletwa peke yake, wakati walidai kwamba amefumaniwa.

Kuna jambo zito zaidi. Katika vijiji vyetu mimba nyingine zimetokana na jeuri ya watu wenye silaha. Binti anaogopa kusema, na baraza la wazee, ambalo mara nyingi ni la wababa watupu, linamhukumu kwa kitu alichofanyiwa. Baadhi ya parokia zimeanza kuwaweka wamama wawili katika kila kikao cha nidhamu, na kumwita kijana siku ile ile anapoitwa binti. Huko mabinti wameanza kusema.