Mbwa mkali uani: haki yake, na haki ya mtoto wa jirani

 

Ndugu Waislamu, jambo ninalotaka tulizungumze Ijumaa ya leo lilinijia kwa njia ya simu. Ilikuwa baada ya sala ya Magharibi. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi wa madrasa yetu hapa Tanga alinieleza kuwa mwanawe wa miaka minane, alipokuwa akirejea nyumbani kutoka chuoni, alirukiwa na mbwa wa nyumba moja ya mtaani kwao, akaumwa shavu la mguu. Swali lake lilikuwa la twahara. Kanzu ya mtoto imeingia mate ya mbwa, je, ioshweje? Nikamjibu kama tulivyosomeshwa katika madhehebu ya Imamu Shafi: mara saba, moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Akashukuru, nami nikaiweka simu. Mama watoto wangu, ambaye alikuwa akisikiliza, akaniuliza: "Na mtoto mwenyewe, Baba Salma, ameshapelekwa hospitali?"

Niliona haya. Nilimpigia tena yule mzazi, nikaambiwa kuwa kanzu imekwisha kulowekwa, bali jeraha limefungwa kitambaa kikavu bila ya kuoshwa. Usiku ule ule tulimpeleka mtoto hospitalini, akasafishwa na kuanzishiwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa. Alhamdulillah, leo ni mzima. Lakini mimi, niliyetumia miaka mingi madrasa na mingine chuo kikuu, nilikuwa nimeifutu nguo nikamsahau aliyeivaa.

Mbwa yule alikuwa wa aina ya pitibuli. Vijana wetu wenye uwezo sasa huwaleta watoto wa mbwa hawa kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, wengine kwa ajili ya ulinzi na wengine, tuseme kweli, kwa fahari. Basi tuanze na sheria inasema nini.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba anayefuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba, hupungukiwa kila siku na thawabu za amali zake kwa kadiri ya kirati moja, na katika riwaya nyingine kirati mbili. Kirati hiyo si kitu kidogo, kwani katika hadithi ya kusindikiza jeneza ilifananishwa na mlima Uhud. Kwa hiyo mbwa wa pambo na mchezo hana nafasi kwetu. Mbwa wa haja, hata hivyo, anayo. Mkulima wa Muheza au Pangani anayekesha na mbwa wake kuwazuia nguruwe mwitu na nyani wasimalize mahindi yake ameingia moja kwa moja katika ruhusa ya hadithi. Ama mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa, na ndipo wanavyuoni wakahitilafiana. Imamu Nawawi, mkubwa katika wakubwa wa madhehebu yetu, ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusika, kwa kukisia na wale watatu, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Aliyevunjiwa nyumba mara mbili hatumwambii kuwa hana haja. Ila na amjengee banda uani, mbali na vyumba vya kulala na kusalia, kwa kuizingatia hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa.

Sasa, ni mbwa gani? Asili ya pitibuli ni Uingereza, ambako watu waliwapandisha mbwa wenye taya zenye nguvu ili wawashambulie mafahali waliofungwa, na watazamaji wakicheza kamari. Mchezo huo ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, na wapenda kamari wakahamia kwenye kuwapiganisha mbwa wenyewe kwa wenyewe ndani ya mashimo, na jina hilo limetokana na shimo hilo. Baadaye mbwa hao walipelekwa Marekani, wakazidi kuchaguliwa kwa ukakamavu na kutoachia wanapouma. Sisi Waislamu tulikwisha kukatazwa kuwachochea wanyama wapigane, na makatazo hayo yamepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Abbas. Kwa hiyo kijana anayempeleka mbwa wake akapambanishwe na wa mwenzake, hata bila ya kuwekeana fedha, asijidanganye kuwa anafanya mazoezi.

Je, mnyama huyu amezaliwa mwovu? Serikali zimehitilafiana kuliko mafakihi. Uingereza ilimpiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1991, na kuanzia mwaka 2024 ikaliongeza jibwa lingine la ukoo wa karibu. Uholanzi, iliyokuwa na marufuku kama hayo, iliyaondoa baada ya kuona kuwa watu bado wanaumwa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusu zaidi ya mbwa 18,000 wa Marekani, ukaonyesha kuwa aina ya mbwa inaeleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Yaliyobaki yako katika urithi wa mbwa mmoja mmoja, malezi na mazingira. Asichukue mtu maneno haya akasema pitibuli ni sawa na mbwa koko. Hasira zaweza kuwa sawa, taya si sawa. Mbwa koko akimuuma mtoto hukimbia, pitibuli hung'ang'ania, na mtoto mdogo hana mwili wa kustahimili.

Kwa maoni yangu, hukumu iliyo karibu zaidi na suala hili tunayo katika aya ya 4 ya Suratul Maida, inayohalalisha kula mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa. Mwenyezi Mungu hakuwatofautisha kwa rangi wala kwa ukoo, bali kwa mafunzo. Na wanavyuoni wetu, katika kumweleza mbwa aliyefunzwa, wakashurutisha kuwa akitumwa aende na akikatazwa akome. Hebu, ndugu msomaji mwenye mbwa uani, ujiulize kama wako akimwona mtoto nje ya geti, nawe ukamwita, atakoma?

Wengi wetu hatulijui jibu, kwa sababu mbwa hatumjui. Na hapa ndipo penye ugonjwa wa nyumba zetu za pwani. Tunamnunua mbwa kwa kuogopa wezi, kisha kwa kuogopa najisi hatumsogelei. Mtoto wa mbwa huhitaji kuzoeshwa watu, watoto, baiskeli na kelele za mtaa tangu kiasi cha wiki ya 3 mpaka ya 14 ya umri wake. Umri huo ukipita akiwa kafungwa mnyororo kwenye mnazi, kila kigeni kwake huwa adui. Sisi humkabidhi kwa kijana wa ulinzi, naye kijana hubadilika kila baada ya miezi mitatu. Hutupiwa mabaki ya chakula kwa mbali, hupigwa mawe akibweka, tena wapo wanaomshindisha njaa kwa kudai kuwa njaa humfanya awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hana bwana hata mmoja, na siku mnyororo utakapokatika hapana atakayeweza kumrudisha. Tukiisoma habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, hufikiri ni habari za paka tu. Na mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteka maji kisimani kwa kiatu chake alikuwa akimnywesha mbwa.

Wala najisi si udhuru. Ni kweli kwamba kwa Mashafi mbwa mzima ni najisi, na kwa Mamaliki ni twahara, na kuosha chombo alichokilamba ni ibada tu. Lakini hata kwetu sisi, kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauhitaji kuoshwa mara saba. Mwenye kumhudumia na awe na nguo maalumu za kazi hiyo, viatu vyake na glavu, na mbwa awe na sahani na ndoo yake isiyoingia jikoni, kisha mtu akoge na kubadili nguo kabla ya sala. Wazee wetu husema mcheza na mbwa huingia naye msikitini, na ni methali nzuri ya kumwonya mtu juu ya marafiki. Kuhusu mbwa wenyewe, Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar kuwa zama za Mtume (S.A.W.) mbwa walikuwa wakipita msikitini, wala hapakunyunyizwa maji.

Swali jingine huulizwa kwa kunong'ona, nalo ni la bei. Watoto wa pitibuli huuzwa kwa fedha nyingi, ilhali thamani ya mbwa imekatazwa katika hadithi sahihi, na kwa Mashafi mauzo yake ni batili. Mahanafi wameyajuzisha. Katika vitabu vyetu imo njia ya mtu kulipwa kwa kuondoa mkono wake juu ya mbwa anayeruhusiwa kumfuga, bila ya kuitwa mauzo. Mwenye haja ya kweli na amwendee mwalimu wake amweleze. Mwenye kuzalisha mbwa ili atajirike, jawabu ninalo ila hatalipenda.

Turudi kwa jirani. Mtume (S.A.W.) aliapa kwamba haamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Mafakihi wanasema kuwa mwenye mbwa anayejulikana kuuma akimwachia huru, kisha mbwa akadhuru, ni dhamana juu yake. Hadithi isemayo jeraha la mnyama halina fidia ni kwa mwenye mnyama ambaye hakuzembea. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu nayo inahesabu kuwa ni kosa mtu kuacha kuchukua tahadhari juu ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama wake. Kwa hiyo ukuta uwe mrefu, geti lijifunge lenyewe, na mbwa asitoke nje ila kwa kamba imara na kifunga mdomo, akiongozwa na mtu mzima mwenye nguvu ya kumzuia. Mtoto asitumwe kumtembeza, wala asiachwe naye peke yake hata kama amezaliwa naye nyumba moja.

Na juu ya yote hayo, chanjo. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watoto walio chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Kirusi chake hupita katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishadhihiri karibu hapana anayepona. Lakini kabla ya hapo mlango wa kuokoka u wazi: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kumwona mbwa kama atakufa. Jeraha lisisiribwe udongo kwa kudhani ndiyo twahara, kwani udongo ni wa chombo na nguo.

Anayedhani haya ni ya watu wa nchi za mbali na atazame ng'ambo ya mkondo wetu. Pemba, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu na mbwa ni wachache, ilikuwa na ugonjwa huu. Kampeni za kuwachanja mbwa ziliukomesha mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi na mbwa walioletwa kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikarejewa, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Waliochanjwa walikuwa mbwa, waliookoka ni watu.

Mwenye mbwa yule wa mtaani kwetu ni kijana mwenye adabu. Tulipomwendea hakubisha. Alilipa gharama zote za matibabu na nauli, mbwa akafungiwa na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10, akaonekana mzima, kisha akachanjwa. Ukuta umeongezwa safu tatu za tofali. Hata hivyo watoto wa madrasa, bila ya kuagizwa na mtu, wamehamia upande wa pili wa barabara, na kila alasiri huwaona wakipita huko kwenye jua, misahafu vifuani, wakilitazama lile geti.