Mwezi si Kioo: Hoja ya Bwana wa Basra

Mwezi kwetu watu wa pwani ndio kalenda. Ukiandama twafunga, ukiandama twala Idi, na mvuvi kwa mwezi hujua bamvua na maji mafu. Na mshairi akitaka kuusifu, huuita kioo cha jua. Neno ni tamu, na nusu yake ni kweli: mwezi hauna nuru yake, nuru yake ni ya kuazima. Walakini kioo sicho, na aliyelithibitisha hilo ni Mwislamu.

Huyo ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Misri karibu na mwaka 1040. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kina juzuu 7, na humo amevichungua vioo vya kila namna: vilivyonyooka, vilivyobonyea na vilivyobinuka. Zama hizo kioo kilikuwa ni madini yaliyosuguliwa mpaka yakang'ara. Kupaka bilauri fedha kwa dawa, kama alivyofanya Mjerumani Justus von Liebig, kulikuja mwaka 1835.

KANUNI

Mwale ukipiga kioo hurudi kwa pembe ile ile uliyojia, mfano wa mpira uliotupwa sakafuni kwa mshazari. Hayo Wayunani waliyajua. Ibn al-Haytham hakutosheka na kuambiwa. Alitunga chombo, akajaribu, akaona ndivyo.

Kisha akaugeukia mwezi, akauandikia risala mbali. Lau mwezi ungekuwa kioo, alisema, nuru yake ingetujia kutoka mahali pamoja tu. Weka birika la shaba lililosuguliwa juani: utaona kidoa kimoja kikali. Sasa tazama ukuta uliopakwa chokaa: wote unang'aa, na popote usimamapo wauona. Uso wake una chembechembe, na kila chembe yatupa nuru upande wake. Mwezi ni ukuta, si birika.

Waliotua huko mwaka 1969 walikuta vumbi na mawe. Uso huo hurudisha kiasi cha sehemu 12 tu katika kila 100 za nuru ya jua. Wao ndio walioacha vioo vya kweli: vipande 100 vya bilauri, vilivyochongwa virudishe mwale kule kule ulikotoka. Mwale wa leza ukitumwa kutoka duniani huenda na kurudi kwa sekunde 2 na nusu hivi, na kwa vipimo hivyo imejulikana kuwa mwezi watukimbia kwa sentimeta 3.8 kila mwaka.

MALI YA NANI?

Vijana wetu hudhani elimu hii ni ya Wazungu, na kwamba chuoni hakuna ila kuhitimu. Kitab al-Manazir kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na mwenyewe akaitwa Alhazen. Mali yetu ilisafiri, ikarudi na jina la ugenini. Nasi twaipokea kama wageni.

Mshairi na aendelee kuuita mwezi kioo, ushairi una ruhusa yake. Bali mwanawe akimwuliza, amjibu kwa hoja ya bwana wa Basra.