Mti Ulikatwa, Lebo Ikabaki

Msomaji mmoja wa Nyamilangano, makao makuu ya Halmashauri ya Ushetu, ameuliza swali ambalo limeninyima usingizi kwa raha: "Babu anasema huku palikuwa na pori la miombo lisilopitika. Mimi nimekuta mashamba ya tumbaku. Sasa nasikia data za mimea ya kwetu ziko Copenhagen na mtu yeyote anazifungua bure. Huyo wa Copenhagen anajuaje mti ulikuwa wapi, na mti wenyewe haupo?"

Bayoanuai ni nini na kwa nini tuitunze, hayo mmeyasikia shuleni na kwenye kila semina yenye soda, kwa hiyo nayaruka. Copenhagen pia haitatuchelewesha. Mwaka 2001 mataifa kadhaa yaliunda chombo kiitwacho kwa kifupi GBIF ili kumbukumbu za viumbe zilizotapakaa katika makumbusho, vyuo na madaftari ya watafiti zisomwe kupitia dirisha moja, bila malipo. Sekretarieti iko Copenhagen. Kumbukumbu zilivuka bilioni moja mwaka 2018, na leo zimepita bilioni tatu. Kwa upande wa Tanzania dirisha hilo linaitwa TanBIF, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Sekretarieti yenyewe haihifadhi jani wala unyoya. Majani yamebaki yaliko: Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, London. Kinachosafiri ni maandishi ya kwenye lebo.

Na lebo za Shinyanga zina historia ya kushangaza. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa vitani na mbung'o, ambao wengi wa magharibi mwa nchi huwaita ndorobo. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa wadudu hao kutoka Shinyanga, aliamini kwamba ukiondoa kichaka umemwondolea mbung'o kivuli na maficho, na ng'ombe wamepona nagana, ugonjwa anaoueneza. Mwaka 1925 alichapisha taarifa ya majaribio yake ya Shinyanga, na ufyekaji ukaendelea kwa miaka mingi. Wanavijiji walikata miti eneo baada ya eneo. Mbung'o mmoja wa nyanda hizi bado anabeba jina la adui yake: Glossina swynnertoni.

Katika idara ya Swynnerton alikuwapo mtaalamu wa mimea, Bernard Burtt. Kujua mbung'o anapenda kichaka gani kulihitaji mtu wa kuvitambua vichaka, kwa hiyo Burtt alichuma matawi, akayabana, akayakausha, akayaandikia lebo, na mengi yakaishia hebaria ya Kew, London, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Yeye na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kwa hiyo idara iliyosimamia ukataji wa miti ya Shinyanga ndiyo hiyohiyo iliyotuachia ushahidi mzuri wa miti gani ilikuwapo. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha uoto kupitia ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili uoto urudi, pori la zamani lilikuwa limekwisha mahali pengi, lakini karatasi zake zilikuwa salama ng'ambo.

Lebo ya Burtt iliyoandikwa Shinyanga inawezaje kusomwa na kompyuta pamoja na lebo ya Mbrazili na ya Mchina? Hapa wakulima wa Ushetu wana elimu ambayo maprofesa wengi hawana. Wanajua robota la tumbaku.

Mkulima anakausha jani kwenye bani, analichambua, analifunga robota na kulipeleka ghala la chama cha msingi. Robota haliendi sokoni likiwa uchi. Lina tiketi: namba ya mkulima, jina la chama, uzito, na daraja alilotoa mteuzi. Mnunuzi hajawahi kufika Uyogo wala Ulowa, na hajui Kisukuma wala Kinyamwezi. Anasoma herufi na namba chache, anajua ameshika nini. Robota linafika kiwandani Morogoro, linachanganyika na ya Tabora na Chunya, na bado likionekana lina uchafu unaweza kurudi kinyumenyume kwa tiketi hadi kwenye chama, na kutoka chama hadi kwa mkulima. Tiketi ikipotea, tumbaku ni ileile, harufu ni ileile, lakini robota halina mwenyewe wala daraja, na hakuna anayelitaka. Tena siri ya tiketi si wingi wa maneno. Siri ni kwamba kila chama kinaandika mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Chama kimoja kikiamua kuandika uzito kwa debe na kingine kwa kilo, mnada umevunjika.

Tiketi ya viumbe inaitwa Darwin Core, kanuni iliyopitishwa rasmi mwaka 2009. Inasema jina la kisayansi linakaa hapa, tarehe pale, aliyekusanya kule, namba ya sampuli huku, na mahali kwenye sehemu zake. Makumbusho ya Ulaya na chuo cha Morogoro vikijaza sehemu hizohizo, kompyuta inazipanga pamoja bila kujali nani alizijaza. Ushirikiano wa kimataifa ninaouamini ni huo. Hotuba za mikutano zinapita, lakini tarehe ikiandikwa kwa mpangilio mmoja na watu wasiofahamiana, kazi imefanyika.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, yaani mahali.

Chukua lebo ya kubuni inayosema: "Maili 10 kaskazini mwa Shinyanga, 1931." Binadamu anaisoma na kuridhika. Kompyuta inataka latitudo na longitudo. Karani mvivu atapima kilomita 16 juu ya ramani, atatia nukta, atakwenda kula. Nukta hiyo ni uongo, kwa sababu imejifanya inajua zaidi ya lebo.

Mwaka 2004 John Wieczorek na wenzake wawili walichapisha njia ya uaminifu zaidi: tia nukta, kisha izungushie duara kubwa kiasi cha kumeza kila shaka iliyomo kwenye lebo. Ukubwa wa duara haukisiwi, unakokotolewa. Tukokotoe.

Kwanza, "Shinyanga" ni wapi? Mji wa leo uko kwenye reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, lakini kuna Old Shinyanga, kilomita kadhaa kutoka hapo, na huko ndiko watafiti wa mbung'o walikokuwa na makao. Maili 10 zilianzia Shinyanga ipi? Hata ukiijua, zilianzia sokoni au ukingoni mwa mji? Pili, "kaskazini". Mtu asemaye kaskazini bila kuongeza neno anaweza kumaanisha popote kati ya kaskazini-magharibi na kaskazini-mashariki, nyuzi 45 kila upande. Kwa umbali wa kilomita 16, upotovu huo peke yake unaweza kukutupa kilomita 12 kando. Tatu, "10". Aliyehesabu maili kwa uchovu wa miguu anapenda namba kamili, kwa hiyo 10 yake inaweza kuwa nane au 12. Nne, na hii ndiyo inayonichekesha: ramani rasmi za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu yako inatumia mfumo mwingine. Namba zilezile za latitudo na longitudo, zikisomwa kwa mfumo usio wake, zinakuhamisha kama mita 300. Hujapiga hatua hata moja na umeshavuka shamba la jirani.

Jumlisha yote. Duara la lebo yetu linaweza kufikia kilomita 20 kutoka katikati hadi ukingoni. Kubwa, ndiyo, lakini la kweli. Anayechora ramani ya nchi nzima atalitumia kwa furaha. Anayetafuta mlima mmoja wa kurudishia mbegu atalikataa, na sehemu moja tu ya tiketi, yenye idadi ya mita za shaka, imemwezesha kulikataa kwa sekunde.

Duara hilo liitweje? Kwa lugha ya ripoti ningeandika "kiwango cha kutokuwa na uhakika wa kimahali," na msomaji wangu wa Nyamilangano angefunga gazeti. Kuna waliopendekeza "duara la mashaka." Nimelikataa, maana mashaka yana njaa na misiba ndani yake, na lebo haijafiwa. Naandika "duara la shaka." Wenye jina bora wanijibu, mradi lisizidi maneno matatu.

Turudi Ushetu, ambako duara linapendeza zaidi. Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant ulipita Unyamwezi ukielekea Ziwa Victoria. James Grant alibaki miezi kadhaa Ukuni kwa mtemi Ukulima, wakati mwenzake akihangaika kutafuta wapagazi. Jina hilo bado linasikika katika kata ya Ukune. Mimea ambayo Grant aliikusanya safarini ilifika Kew, na orodha yake ilichapishwa London miaka ya 1870.

Tuseme unayo lebo ya safari ya namna hiyo yenye jina la himaya ya mtemi na mwaka, basi. Vipimo vya wasafiri vinasaidia kiasi. Latitudo walipima kwa urefu wa jua au nyota, na kosa la dakika moja ya nyuzi ni kilomita 1.85 tu. Longitudo ilitaka saa sahihi, na saa iliyotikiswa miezi mingi kichwani mwa mpagazi haina heshima. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa ikikosea dakika moja tu, hapa karibu na ikweta umekwenda karibu kilomita 28 mashariki au magharibi. Ndiyo maana shaka ya lebo kama hiyo hurefuka upande wa mawio na machweo, na duara hulazimika kutanuka ili kuimeza. Ndani ya duara hilo leo kuna shule, mashine za kukoboa, na mabani yanayochoma kuni za miombo.

Kuna hali mbaya zaidi. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichotoka kwa mafungu kati ya 1952 na 2012 na kueleza aina zaidi ya 12,000, kiligawa nchi kwa vipande. Kahama, na Ushetu ndani yake, iliangukia kipande cha T4 pamoja na Tabora, Kigoma na Ufipa, huku Shinyanga ikiwa T1. Ukimpa karani herufi hizo peke yake, duara lake linameza magharibi nzima. Na lebo ikisema Kahama tu, naye akakataa kuchora duara na akatia nukta katikati ya mji, miti yote inaonekana imeota stendi ya Kahama.

Je, huu si wizi ulioboreshwa, majani yalikwenda London na sasa maandishi yanakwenda Copenhagen? Mkataba wa Bayoanuai wa 1992, katika kifungu cha 17, unazitaka nchi zibadilishane taarifa, na unataja urejeshaji wa taarifa pale inapowezekana. Data huria ndiyo njia nyepesi ya kurejesha, maana jani moja haliwezi kukaa Kew na Kahama kwa pamoja, ila lebo yake inaweza. Tena nakala nyingi ni kinga. Mwaka 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ya Berlin, na humo ilikuwamo sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa nchini mwetu enzi za Wajerumani. Kwa sampuli nyingi hapakuwa na nakala ya kufungua kwingine.

Kasoro zipo: kumbukumbu hujazana kandokando ya barabara, majina mengine yamekosewa, mahali pa viumbe vinavyowindwa hufichwa makusudi, na ramani tupu haina maana kwamba hakuna kiumbe. Tuendelee.

Linalonikera ni upande wa leo. Ngitili za HASHI zilivuka hekta 300,000, na ripoti zinasema ndani yake zimehesabiwa aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ndege aina 145. Namba hizo zimenukuliwa kila kona ya dunia. Lakini "152" haina latitudo. Haisemi mninga ulionekana kijiji gani, lini, na nani aliyeuona. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo atapata faida kubwa zaidi kutoka kwa Burtt aliyeandika lebo moja moja kuliko kutoka kwa jumla nzuri kama hiyo.

Na safari hii kazi ni rahisi. Simu mahali pa wazi hutoa nukta yenye shaka ya mita chache. Bwana misitu anayehesabu miti Ulowa, mwalimu anayewapeleka wanafunzi kwenye ngitili ya kijiji, mzee anayejua mti kwa jina la Kisukuma na matumizi yake: kila mmoja aandike jina, tarehe, kijiji, namba za mahali zinazoonyeshwa na simu, mita za shaka, na jina la aliyeona. Picha ikiwapo, vizuri zaidi. Kisha orodha ipelekwe TanBIF badala ya kuozea kwenye droo ya ofisi ya kata. Babu bado yupo na anakumbuka majina, kwa hiyo aanzwe yeye, kabla ya mti wowote.