Kampala na Guangzhou: Virusi vilevile, saratani mbili

Barabara ya Yide Lu mjini Guangzhou, kusini mwa China, si ngeni kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Wapo wanaofuata vitu vya kuchezea watoto kwa bei ya jumla, na wapo Wakatoliki wanaokwenda kusali katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe kati ya mwaka 1863 na 1888. Barabara hiyo pia imejulikana kwa miaka mingi kwa maduka ya samaki wakavu na samaki wa chumvi.

Samaki huyo wa chumvi wa Kichina ana sura yake katika historia ya saratani. Mwaka 1993 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, lilimweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika huota nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo, na mkoa wa Guangdong ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huo.

Je, chakula kinawezaje kuleta saratani? Jibu limo ndani ya seli. Mwili hujijenga na kujikarabati kwa seli moja kugawanyika na kuwa mbili. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, yaani maagizo yanayoiongoza. Yapo maagizo yanayosukuma mgawanyiko na yapo yanayouzuia. Makosa ya kunakili yakitokea, kwa kawaida seli huyarekebisha au hujiua yenyewe. Lakini makosa yakirundikana, seli huweza kugawanyika bila kusikia amri ya kusimama, na uvimbe ukaanza. Samaki wa aina hiyo huwa na kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo huharibu DNA. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliolishwa tangu utotoni.

Hata hivyo, samaki si mshitakiwa pekee. Urithi wa kifamilia unachangia, na vivyo hivyo virusi vya Epstein-Barr, ambavyo historia yake inaturudisha nyumbani.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake. Baadaye virusi hivyohivyo vikahusishwa na saratani ya Guangdong.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo virusi hivyo, na wengi hawadhuriki kamwe. Kwa watoto wa Afrika, malaria ya mara kwa mara huongeza hatari. Katika seli zao, kipande cha kromosomu ya 8 huhamia mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC, inayosukuma mgawanyiko, hubaki imewashwa wakati wote.

Elimu iliyoanzia Kampala sasa inaokoa maisha kusini mwa China. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2017, wanaume 20,174 walipimwa damu kutafuta DNA ya virusi hivyo. Wagonjwa 34 waligunduliwa, na asilimia 71 kati yao walikuwa bado katika hatua za mwanzo, ambapo tiba ya mionzi hufanya kazi vizuri.

Kwetu sisi, wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Ndugu msomaji, si lazima uogope papa wa chumvi wa Mombasa au Unguja, kwani uamuzi wa mwaka 1993 ulihusu samaki wa Kichina tu. Lakini uvimbe wa shingo usiopungua, sikio moja lililoziba muda mrefu, damu ya pua inayorudia, au taya la mtoto linalovimba kwa kasi, si mambo ya kungojea. Seli zilizoasi hazisubiri, zinaendelea kugawanyika.