Fundi wa kamera aliyewapa wenye Lucy mali ya kuuza

MWAKA 1951 mchezo wa kuchekesha wa televisheni nchini Marekani ulikuwa bidhaa ya siku moja, kama samaki wa mnadani. Ulichezwa moja kwa moja studioni, watazamaji wakauona majumbani, na kesho yake mwenye mchezo hakuwa na kitu cha maana cha kuuza.

Ilipofika mwaka 1957, haki za vipindi vya mchezo mmoja wa aina hiyo, I Love Lucy, zilikuwa zimeuzwa kwa kampuni ya CBS kwa zaidi ya dola milioni 4. Vipindi vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuonyeshwa. Mnunuzi alilipia mikanda ya zamani.

Waliopokea fedha hizo walikuwa Desi Arnaz na mkewe Lucille Ball, wenye kampuni ya Desilu. Lakini aliyeifanya mikanda hiyo iwe na thamani ya kununuliwa ni mpiga picha wao, Karl Freund, mzee wa miaka 61 wakati kazi ilipoanza.

Freund alizaliwa mwaka 1890 Bohemia, iliyokuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungaria. Akiwa kijana wa miaka 15 alianza kazi ya kuendesha mashine ya kuonyeshea sinema mjini Berlin, kisha akahamia kwenye kamera. Mwaka 1924, katika filamu ya mwongozaji F. W. Murnau iitwayo Der letzte Mann, alijifunga kamera mwilini ili picha itembee pamoja na mchezaji, jambo lililozungumzwa sana na mafundi wenzake. Miaka 3 baadaye ikatoka Metropolis, ambayo naye alikuwa mmoja wa wapiga picha wake. Alihamia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, akapiga Dracula ya mwaka 1931, akaongoza mwenyewe The Mummy ya mwaka 1932, na akapata tuzo ya Oscar kwa picha za The Good Earth ya mwaka 1937.

Hiyo ni sifa ya kutosha kwa fundi yeyote. Kwa upande wa mapato, hata hivyo, mpiga picha wa studio kubwa ni mtu wa mshahara. Filamu ikiingiza mamilioni au ikianguka, malipo yake ni yale yale ya wiki. Freund alilifahamu hilo, na miaka ya 1940 alianzisha kampuni yake, Photo Research, ya kutengeneza vipima mwanga. Kifaa cha namna hiyo humwambia fundi mwanga ulivyo kabla hajapoteza mkanda, nao mkanda ni ghali. Kampuni hiyo ndiyo iliyompa uhuru wa kuchagua kazi. Inasimuliwa kwamba Arnaz alipomwita Desilu, Freund alikubali malipo madogo kwa kuwa riziki yake haikutegemea tena studio.

Kiini cha shauri lenyewe kilikuwa umbali. Watazamaji wengi na wadhamini walikuwa upande wa mashariki, karibu na New York, na CBS pamoja na mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, walitaka mchezo uchezwe huko. Arnaz na mkewe hawakutaka kuondoka Hollywood. Kama wangecheza Hollywood moja kwa moja, watu wa mashariki wangepata nakala iliyopigwa kwa kamera ya sinema kutoka kwenye kioo cha televisheni. Nakala hizo zilikuwa na ukungu, na mdhamini hakutaka tangazo lake la sigara lionekane hivyo mbele ya wateja wake wengi.

Njia iliyobaki ilikuwa kutumia mkanda halisi wa sinema wa milimita 35. Gharama ikapanda. CBS na mdhamini waliongeza fedha lakini hazikutosha, wakawaomba wachezaji hao wawili wapunguziwe dola 1,000 kwa wiki. Arnaz alikubali kwa sharti moja, kwamba mikanda iwe mali ya Desilu. Akapewa.

Ukihesabu kwa vipindi 35 vya msimu wa kwanza, bei ya sharti hilo ilikuwa dola 35,000 hivi.

Ilibaki kazi ya kuupiga mchezo wenyewe. Lucille Ball alichekesha vizuri zaidi mbele ya watu, hivyo mchezo ulipaswa kwenda mfululizo mbele ya watazamaji mamia, kamera 3 zikipiga kwa wakati mmoja. Arnaz alisimulia baadaye kwamba jibu la kwanza la Freund lilikuwa kwamba haiwezekani. Lilikuwa jibu la haki. Kwenye sinema, taa hupangwa upya kila kamera inaposogezwa. Mwanga unaofaa picha ya chumba kizima haufai uso wa mtu wa karibu, na kuupanga upya huchukua muda mrefu. Watazamaji wasingekaa kungoja.

Freund aliziondoa taa sakafuni akazitundika juu, ili mwanga uenee sawasawa na kamera zipite kwenye magurudumu bila kukwaa nyaya. Akafunga taa ndogo kwenye kila kamera kufuta vivuli vya macho na kidevu. Kuta na vyombo vya jukwaani vikapakwa rangi za kijivu za viwango mbalimbali, kwa kuwa televisheni ya wakati huo haikumudu weupe mkali wala weusi mzito. Wapenzi wa Metropolis wangeuona mwanga huo kuwa wa kawaida mno. Lakini mchezo wote ulipigwa jioni moja, na picha zikatoka safi.

Usafi huo ndio uliofanya biashara. Lucille Ball alipojifungua mwaka 1953 ilibidi vipindi vya zamani virudiwe, na watu wakavitazama. Hapo ndipo sharti la Arnaz lilipoanza kuonekana lina uzito. Nakala yenye ukungu isingekuwa na mnunuzi, hata kama ingekuwa na mwenyewe.

Fedha za CBS ziliisaidia Desilu kununua majengo ya studio ya RKO kwa zaidi ya dola milioni 6. Arnaz alimwuzia mkewe wa zamani hisa zake mwaka 1962, na mwaka 1967 Lucille Ball aliiuza kampuni kwa Gulf and Western kwa dola milioni 17. Utaratibu wa kamera kadhaa na taa za juu umeendelea kutumiwa katika michezo ya kuchekesha kwa miongo mingi.

Freund alisimamia picha za michezo mingine ya Desilu, ukiwemo Our Miss Brooks. Kwa mwaka 1954 Chuo cha Filamu cha Marekani kilimpa tena tuzo, safari hii ya ufundi, kwa kipima mwanga chake kinachosomeka moja kwa moja. Alifariki Santa Monica mwezi Mei 1969. CBS ilikuwa bado na mikanda ya Lucy, na vituo vya televisheni vilikuwa bado vinailipia.