Mchezo wa Makontena: Biashara Juu ya Meza



Ndugu wasomaji, anayepita karibu na bandari ya Mombasa au Dar es Salaam huyaona makontena yamepangwa kama matofali. Sote tunajua kwamba ndani mna bidhaa. Lakini faida inapatikana wapi, na ni nani anayeipata? Uko mchezo wa ubaoni unaoonyesha jambo hilo vizuri kuliko darasa refu. Unaitwa Container, ulitungwa na Wajerumani wawili, Franz-Benno Delonge na Thomas Ewert, ukatoka mwaka 2007. Delonge, kwa kazi yake, alikuwa hakimu.

Wachezaji ni watatu hadi watano. Kila mmoja ana kiwanda, ghala la bandarini na meli moja, na huanza na dola 20 za karatasi. Mwenye kiwanda hutoa makontena na kuyapangia bei. Mwenzake huyanunua, huyaweka katika ghala lake na kupanga bei yake. Wa tatu huja na meli, hununua na kupakia, yasizidi matano, kisha husafiri hadi kisiwani. Huko shehena yote hunadiwa kwa mara moja.

Sasa zingatieni sharti hili, maana ndilo roho ya mchezo: huruhusiwi kununua bidhaa zako mwenyewe. Makontena ya kiwanda chako hayaingii katika ghala lako, wala ya ghala lako hayapandi meli yako. Ni lazima mwenzako anunue. Kwa hiyo ukipanga bei ya kumkomoa, mzigo unakaa pale pale, na zamu inayofuata huna fedha ya kufanyia lolote.

Mnada nao una hesabu yake. Kila anayetaka shehena huficha fedha mkononi, kisha wote hufungua kwa pamoja. Tuseme aliyetoa nyingi ametoa 9. Mwenye meli akikubali, anapokea hizo 9 na benki inamwongezea 9 nyingine kama ruzuku, jumla 18. Akikataa, yeye ndiye anailipa benki 9 na kubaki na mzigo wake. Ruzuku hiyo, pamoja na mikopo ya benki, ndiyo milango miwili tu ya kuingiza fedha mpya mezani. Wachezaji wote wakiwa mabahili, fedha hukauka. Maghala yanajaa, meli zimesimama, na hakuna mwenye senti. Wengine huulaumu mchezo kwa hilo. Sisi tunaona hapo ndipo ulipo utamu wake.

Mwishoni kila mmoja hufunua kadi yake ya siri inayoeleza thamani ya kila rangi kwake. Lakini kabla ya kuhesabu, rangi aliyoirundika kwa wingi zaidi hutupwa yote! Wenye tabia ya kulangua hulia hapo.

Wazazi watauliza kuhusu sheria, nao wana haki. Mchezo hauna dadu. Fedha zake ni karatasi; mtu akiweka fedha ya kweli, hiyo imekuwa kamari na hatuna la kuitetea. Mnada wenyewe si tatizo, kwani imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliuza tandiko na kikombe kwa mnada. Alichokataza ni najshi, yaani mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua.

Linalotukera ni mkopo. Benki ya mchezo inatoa dola 10, na kila zamu unalipa riba ya dola 1. Fanyeni hesabu: zamu kumi zikipita umeshalipa 10, na deni la 10 bado lipo vile vile. Kijana akiliona hilo kwa macho yake huelewa kwa nini riba huwakamua watu. Hata hivyo, hatuoni sababu ya kuizoeza mikono yetu kuilipa, japo kwa karatasi.

Badala yake tunapendekeza mudharaba. Mwenye fedha ampe mwenye meli mtaji wa safari moja. Shehena ikiuzwa, mtaji unarudi kwanza na faida wanagawana kwa sehemu waliyoafikiana, nusu kwa nusu au vinginevyo. Hasara ikitokea, ni ya mwenye mtaji, na mwenye meli amepoteza jasho lake. Kwa kuwa mlango mmoja wa fedha utakuwa umefungwa, kila mchezaji aanze na 30 badala ya 20.

Mchezo wa dukani ni ghali na si rahisi kuupata. Visanduku vya kiberiti vilivyopakwa rangi tano vinatosha kuwa makontena, na meli ni kipande cha boksi.